Rukhsa ya Siku Moja: Theluji Ilipofunga Chuo



Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu mmoja wa hapa Mji wa Kale alinijia nyumbani akifuatana na binti yake. Binti huyo amekubaliwa kusoma katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Marekani, na safari yake ni mwezi wa Agosti, inshallah. Nilidhani mama atauliza habari za ada, au za chakula cha halali, au za usalama. Hakuuliza. Alikunywa kahawa yake mpaka ikesha, akakiweka kikombe juu ya sinia, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Hiyo baridi, dada, mwanangu ataiweza?"

Nilimjibu kwa kumsimulia siku moja ya maisha yangu. Nimeona niwasimulie na nyinyi, kwa kuwa nyumba nyingi za Pwani hivi leo zina kijana aliye ng'ambo au anayejitayarisha kwenda, na wazazi wengi huiogopa baridi kwa sababu isiyo yenyewe.

Mimi nilisoma katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Mji huo umekaa baina ya maziwa mawili makubwa, Mendota na Monona, na viwanja vya chuo vimeshuka mpaka ukingoni mwa Mendota. Katikati ya chuo pana kilima kiitwacho Bascom. Juu yake, mbele ya jengo kuu, pamewekwa sanamu ya Rais Abraham Lincoln ameketi kitini, uso ameuelekeza mjini. Siku za joto wanafunzi hulala juu ya majani ya kilima hicho wakasoma vitabu vyao. Siku za baridi mambo hubadilika kabisa. Ziwa huganda, na likishaganda sawasawa watu hutembea juu yake kwa miguu, na wavuvi huketi juu ya barafu, wakaitoboa tundu na kutumbukiza ndoana.

Nilifika huko Agosti 2009, nami ni msichana ambaye hajapata kuvaa sweta isipokuwa siku moja ya safari ya Nairobi. Miezi miwili ya mwanzo kila kitu nilikiona kizuri. Novemba ilipoingia, giza likaanza kunibana. Mwanzoni mwa Desemba jua la Madison huchwa kabla ya saa kumi na nusu za jioni, wakati ambao Mombasa watu ndiyo kwanza wametoka msikitini kusali alasiri. Nilikuwa nikitoka darasani mchana nakuta usiku umekwisha shuka.

Idi ya Hija ya mwaka ule iliangukia huko Ijumaa ya tarehe 27 Novemba, siku moja baada ya sikukuu ya Wamarekani ya Kushukuru. Wanafunzi wote walikuwa wamekwenda makwao. Nilisali Idi, nikarudi kwenye bweni lililo tupu, nikala mkate na mayai, nikalala. Tangu siku hiyo nikajifungia. Nilikwenda darasani nikarudi. Chakula nilikula mara moja kwa siku, na mara nyingine hata hiyo moja niliiacha. Mama alipopiga simu nilimwambia, "Niko salama, mama, nasoma." Kusoma nilikuwa nikisoma kweli. Huo usalama ndio uliokuwa haupo, nami sikuthubutu kumwambia mtu ambaye ameuza vipuli vyake vya dhahabu ili mimi nipate tikiti ya ndege.

Jumanne ya tarehe 8 Desemba theluji ikaanza kuanguka. Usiku kucha upepo ulivuma. Jumatano nilipoamka kwa sala ya alfajiri, kitu cha kwanza kilichonishtua ni kimya. Hapakuwa na gari, hapakuwa na nyayo, hata mlio wa upepo ulikuwa kama umefunikwa blanketi. Baadaye nilijifunza sababu. Theluji mpya sehemu yake kubwa ni hewa iliyonaswa baina ya chembe zake, na matundu hayo madogo madogo huimeza sauti, kama zulia nene linavyomeza sauti ya viatu. Nilifungua pazia. Baiskeli zilizoegeshwa nje zilikuwa hazionekani ila mikono yake. Ilikuwa imeanguka theluji ya zaidi ya sentimita 30.

Nilipofungua barua pepe, nikakuta tangazo: masomo yote ya siku ile yamefutwa. Katika chuo kile jambo hilo ni nadra, kwa sababu watu wa Wisconsin huishi na theluji kama sisi tunavyoishi na jua. Mabweni yalilipuka kwa furaha. Nami nilirudi kitandani, nikajifunika mpaka kichwani. Nilisema moyoni, afadhali, leo sina sababu ya kutoka kabisa.

Saa tatu na robo asubuhi nilichukua kadi yangu ya simu nikapiga nyumbani. Mombasa ilikuwa inakaribia magharibi. Nilimwambia mama kwamba chuo kimefungwa kwa theluji.

"Kimefungwa?" akauliza. "Na masomo? Na mitihani si wiki ijayo?"

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mzazi aliyejinyima ili mwana asome, kila siku isiyo na somo huiona ni hasara. Lakini koo lilinikaba, sikuweza kujibu. Hapo nikasikia sauti ya bibi yangu ikitoka kwa nyuma: "Nipa hiyo simu niseme na mjukuu wangu."

"Masalkheri, bibi."

"Akumasalkheri, mwanangu. Nasikia chuo kimefungwa. Kwani maalim yu mgonjwa?"

Kwa bibi neno chuo lilikuwa na maana moja tu, pale mtoto anapofundishwa Kurani. Nilicheka, na nadhani kilikuwa ndicho kicheko changu cha kwanza tangu Idi. Nikamweleza kwamba maalim ni wazima, ila theluji imeziba njia. Akaniuliza theluji ni kitu gani. Nikamwambia, "Ni baridi, bibi, imeganda ikaanguka kutoka mbinguni."

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma jambo lililonikumbusha jibu langu lile. Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wa msafara wake weupe ule ni nini, mtu yule wa Pwani alimjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann alipoandika Ulaya kwamba karibu na mstari wa ikweta kuna theluji, wataalamu walimbishia kwa miaka. Mimi naye yule kiongozi tulikuwa tumesema kitu kimoja, na wala hatukukosea.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wewe si ulisoma kwa maalim? Umesahau kwamba usiku wa baridi na mvua, mwadhini wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrishwa awatangazie watu wasali majumbani mwao? Wale walikuwa wakiipenda sala ya jamaa kuliko wewe unavyozipenda hizo hesabu zako. Lakini walipopewa rukhsa, waliipokea. Mola akikupa nafasi ya kupumua, usimrudishie mkononi."

Kisha, kwa sauti ile ile, akaniuliza: "Jana ulikula nini?"

Nikatafuta la kusema, nikakosa. Simu ikawa kimya. Kwa mbali nikasikia adhana ya magharibi ikianza, msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha sauti zikaingiliana kama zinavyoingiliana kila siku juu ya mapaa ya mtaa wetu. Bibi alikuwa na haraka ya kwenda kutawadha. Aliniambia maneno mawili tu: "Toka nje. Kesho unipigie unambie hiyo theluji ina ladha gani."

Basi nikatoka.

Kutoka kwenyewe kulichukua karibu nusu saa. Mwenzangu wa chumbani, msichana aliyelelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, alinivisha kama anayemvisha bwana harusi: soksi jozi mbili, suruali juu ya suruali, koti, glavu, buti alizoniazima dada wa chumba cha tatu. Shungi langu nikalifunga vizuri na juu yake nikavaa kofia ya sufi. Tulipofika ukumbini chini nilitazama huku na huku, nikaanza kucheka peke yangu. Kila msichana alikuwa amejisitiri kutoka utosini hadi unyayoni, wengine hawaonekani ila macho. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani, hakuna aliyeweza kunitambua kwa shungi langu. Sote tulikuwa wamevaa buibui za sufi.

Katika ukumbi wa kulia tulikuta wapishi wamefika kazini kama kawaida. Mmoja alituambia ametembea kwa miguu tangu alfajiri. Nje, malori yalikuwa yakisukuma theluji kando ya barabara, na wazee wa kazi wakiichota kwa sepeto milangoni. Mwenzangu akasema kwamba kwao ng'ombe hawajui siku ya mapumziko. Baba yake amekwisha kukamua tangu usiku. Tulikula uji wa moto na mayai, na kabla ya kutoka tulirudi jikoni kuwashukuru wale wapishi. Nilitambua kwamba siku yangu ya kupumzika ilikuwa imebebwa na watu ambao hawakupumzika.

Kule kilimani Bascom nilikuta mambo ambayo sikuyatarajia kwa watu wazima wanaosomea udaktari na sheria. Wamechukua sinia za plastiki za kubebea chakula, wakazikalia, wakawa wanateremka nazo kilima mbio kama watoto wa Forodhani wanavyojitupa baharini. Kwangu mimi sinia ni ya pilau. Dada mmoja wa Kisomali kutoka Minneapolis, aliyeizoea theluji tangu utotoni, aliniketisha kwenye sinia, akaniambia niseme bismillahi, akanisukuma. Nilisema bismillahi nikiwa juu. Nilipofika chini nilikuwa nimekwisha kumaliza dua zote ninazozijua. Nikainuka nimejaa theluji mpaka kwenye nyusi, nikapanda tena. Nilipanda mara saba au nane.

Adhuhuri ilipoingia, kabla ya saa sita, tulirudi bwenini kusali. Dada yule alinionyesha khuffu zake za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Alikuwa amezivaa asubuhi akiwa na udhu, na sasa akapaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, kama sheria inavyomruhusu mkazi kwa mchana mmoja na usiku wake. Mimi ningali nikitoa buti na soksi, yeye yuko kwenye mswala. Hata hiyo ilikuwa rukhsa, na nilikuwa nimeisoma tangu nikiwa na miaka tisa bila ya kuihitaji hata siku moja.

Nilipofunga sala nilisoma dua ya ufunguzi, ile ambayo ndani yake mja humuomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Neno letu theluji limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililomo katika dua hiyo. Katika sala ya jeneza pia tunamuombea maiti wetu aoshwe hivyo hivyo. Na baba yangu, Mola amrehemu, nilimuombea kwa maneno hayo nikiwa na miaka kumi na mitatu. Miaka yote nilikuwa nikiomba kwa kitu nisichokijua. Siku ile maji ya theluji yalikuwa bado yananitiririka shingoni, na dirishani dunia yote ilikuwa imefunikwa nyeupe, uchafu wa jana hauonekani hata chembe. Nilikaa kwenye sijida muda mrefu, nikalia. Nilipoinuka nilijisikia mwepesi.

Tuliporudi nje, wasichana wa bweni letu walikuwa wakifinyanga mtu wa theluji, wamempa karoti kuwa pua. Mimi nikasema nitajenga jahazi. Wakaniuliza jahazi ni nini. Nikachora kwa kidole juu ya theluji: omo, tezi, mlingoti, foromali. Wanne wakaacha mtu wao wakaja kunisaidia. Tulilijenga jahazi lenye urefu wa kitanda, mlingoti tukaufanya kwa ufagio, na tanga nikaleta leso aliyonifungia bibi siku ya safari. Wakataka kujua yameandikwa nini. Nikawafasiria: wema hauozi. Baada ya robo saa ile leso iliyolowa ikakauka kwa kuganda, ikawa ngumu kama ubao, na jahazi letu likasimama limejaza tanga bila ya upepo.

Mchana ule ule, wanafunzi wa mabweni ya upande wa ziwa na wale wa mabweni ya upande wa pili walikutana Bascom kupigana kwa madonge ya theluji. Walikuja kwa maelfu. Mambo haya si ya Madison peke yake. Chuo cha Dartmouth huko New Hampshire kina tamasha la theluji tangu mwaka 1911, na huko Michigan Tech, Februari 2006, watu 3,745 walirushiana madonge kwa pamoja, ikaandikwa kuwa ni rekodi ya dunia. Mimi na wenzangu tulisimama kando tukitazama. Donge moja lililopotea njia likanipiga begani. Nikainama, nikafinyanga langu, nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Halikumfikia mtu yeyote, lakini mkono wangu ulikumbuka kwamba unaweza kurusha.

Alasiri tukasali, na muda si muda magharibi nayo ikaingia. Tulikaa sakafuni chumbani kwetu, tukanywa kakao ya moto. Wao waliitia vile vitamu vyeupe vinavyoelea juu, mimi nikaviacha kwa sababu ya jelatini. Ndipo mwenzangu wa chumbani akaniuliza taratibu, kwa nini wiki mbili nzima nilikuwa sili nao. Nilikuwa na jibu langu la kila siku: nina kazi nyingi za masomo. Nikafungua kinywa kulisema, nikasema la kweli. Niliwaambia kuhusu Idi, kuhusu giza, kuhusu vipuli vya mama. Dada yule wa Minneapolis akasema kwamba kila mwanafunzi mgeni humpata jambo hilo anapouona Desemba wa kwanza, na kwamba chuoni kuna washauri wa kuwaona bila ya malipo, na atanipeleka yeye mwenyewe. Alinipeleka kweli, wiki hiyo hiyo.

Siku ya pili nilipiga simu nyumbani. Bibi akauliza kama alivyoahidi. Nikamwambia theluji haina ladha, ni kama maji ya mtungi yaliyolala nje. Akaridhika. Kisha nikamuomba anipe mama, nikamweleza yote, hata yale ya kutokula. Nilingojea aniulize habari za mitihani. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo jana, ulicheka?" Nikamwambia nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akasema alhamdulillahi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Mitihani nilifaulu, kwa uwezo wa Mola. Lakini hayo siyo niliyomsimulia jirani yangu.

Nilimwambia haya. Koti zito asimnunulie binti yake hapa. Huko yapo, mazuri na ya bei nafuu, hata yaliyovaliwa. Khuffu za ngozi amtafutie, na amuulize sheikhe wake hukumu zake kabla ya kuondoka. Amfundishe asitembee juu ya ziwa lililoganda mpaka wenyeji waseme ni salama, na aende hatua fupi fupi penye barafu. Amwambie kwamba huzuni ya majira ya giza ni jambo linalojulikana, lina tiba, na kulisema si utovu wa shukrani. Na siku binti akimpigia kumwambia kwamba chuo kimefungwa na ametoka kucheza na wenzake, asianze na masomo. Masomo binti anayafikiria mwenyewe usiku na mchana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, Mola amridhie, naye ndiye aliyebeba mzigo wa umma mzima.

Jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho. Binti yake alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya mtandio wake. Mama akamgeukia, akamtazama kama ambaye ndiyo kwanza amemuona siku hiyo, akamuuliza: "Na wewe, mwanangu, unaogopa nini?"

Binti akainua uso. Nikainuka nikaenda kuongeza kahawa, nikawaacha waongee.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape marafiki wema, na awarejeshe majumbani salama. Amin.